Zamu ya Watiri

Nyeri, 13 Februari 1994

Kwako shangazi yangu, Tata Gladwell,

Bwana asifiwe, na baridi ya Endarasha ikuhurumie. Mimi sijambo, ila vidole vimekufa ganzi kwa maji ya asubuhi. Baba alipita hapa Jumamosi akitoka Karatina, akaniletea ndizi na habari za nyumbani. Nyanya zimeingiwa na wadudu, Mama amefufua ugomvi na jirani juu ya mfereji wa maji, na bibi yetu Cucu amekataa kabisa kung'olewa lile jino. Anasema wamezeeka pamoja, hawezi kulitupa sasa. Kwa hiyo Kutus wote ni wazima.

Sasa habari yenyewe. Tata, nimechaguliwa mwenyekiti wa CU, ushirika wa Wakristo hapa shuleni! Mimi, Gaceri wa Ngatia, uliyemfundisha kusoma kwa rula. Usicheke. Makamu wangu ni Wanjugu wa kidato changu, msichana mpole sana, ambaye pia ndiye mwenzangu wa maombi. Katibu ni Wamaitha, anayeandika haraka kuliko watu wanavyosema.

Shida ni kwamba ushirika wetu uko karibu kufa. Mwaka juzi walikuwa mia na ishirini. Jumapili iliyopita tulikuwa kumi na tisa, na wawili kati yao walikuwa wamekimbia kufua. Wengine wanasema tumepoa, wengine wanataka ngoma na kinanda kama makanisa ya mjini. Nikisimama mbele naona mabenchi matupu tu, hata maneno yananikauka mdomoni. Wewe ulikuwa mwenyekiti hapa hapa, tena mwaka mzima. Ulifanyaje hukuchoka?

Halafu, unajua nimepata nini ndani ya kabati la CU? Kitabu cha kumbukumbu cha mwaka wa 1969! Mwandiko wako haujabadilika, bado herufi zimesimama wima kama viranja. Nimesoma kitabu chote. Kuna mahali kwenye orodha ya viongozi makamu wako amepigwa mstari, jina lake Watiri. Ukurasa unaofuata mmeandika kwamba kengele ya mkono imepotea. Watiri ni nani? Alihama? Na kengele mliipata?

Nijibu upesi, na usinirudishie barua hii ikiwa na wino mwekundu.

Mpwa wako anayekupenda,
Gaceri

*

Endarasha, 9 Machi 1994

Gaceri mpenzi,

Salamu za huku ni za ukungu. Umande uligandia viazi wiki jana, majani yote meusi, lakini ng'ombe amezaa ndama jike, kwa hiyo Mungu ametoa kwa mkono mmoja na kutwaa kwa mwingine. Mwambie Baba yako kwamba dawa ya wadudu wa nyanya ni kuzipanda mahali pengine, nilimwambia hivyo mwaka jana akaniita mwalimu wa chaki. Cucu mwacheni na jino lake.

Barua yako nimeisahihisha. Makosa matatu, siyaandiki, yatafute mwenyewe.

Umenirudisha mbali, mtoto wewe. Nimekaa jikoni na barua yako mpaka chai ikapoa. Nimeisikia tena ile harufu ya ukumbi wa chakula asubuhi, mafuta ya taa na uji wa jana. Tulikuwa tunaamka saa kumi na moja, miguu mitupu kwenye saruji, tukipiga meno. Kengele ya kuitia maombi tulipokezana kwa zamu, kila kiongozi wiki yake, na ukiwa wa zamu huwezi kulala vizuri kwa kuogopa kuchelewa. Mimi niliwahi kuiangusha kwenye ngazi za bweni, ikapata ufa, na tangu siku hiyo ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Wasichana walinicheka mwaka mzima. Tukimaliza maombi tulitoka nje, na mlima ulikuwa umeshajitokeza wote, mweupe, kabla jua halijafika kwetu. Nilidhani maisha yote yatakuwa hivyo.

Unauliza habari ya kuchoka. Tulichoka. Kuna Jumapili tulikuwa watano. Lakini tulikuwa na desturi moja, sijui ni nani aliyeianzisha. Tulipanga mabenchi yote ya ukumbi, arobaini, na kuyafuta vumbi, hata tukijua ni watano. Mlezi wetu aliuliza kwa nini tunajisumbua. Mmoja wetu akamjibu, "Wengine bado wako njiani." Basi panga mabenchi yote, Gaceri. Usipange ya waliokuja, panga ya watakaokuja. Watu husema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimeona mara nyingi mbivu huliwa na mwingine, nawe unaendelea kuvumilia tu.

Kazi ni nyingi hapa, mitihani ya watoto imerundikana mezani, kwa hiyo niishie hapo. Kula vizuri. Vaa soksi mbili.

Ni mimi Tata yako,
Gladwell

*

Nyeri, 22 Mei 1994

Tata mpendwa,

Habari za tangu Pasaka ambayo hukuja? Tulikungoja Kutus mpaka Mama akakufunikia sahani. Cucu alisema umeolewa kisirisiri na mlima. Jino limeng'oka lenyewe akila muhindi, na amelifunga kwenye kitambaa.

Mabenchi yamefanya kazi! Tulipanga yote, Wanjugu na mimi, kila Jumapili, tukiwa na mgongo wa bibi kizee. Wiki ya tatu msichana mmoja wa kidato cha kwanza aliuliza ni sherehe gani inakuja. Sasa tuko sitini na kitu. Ngoma hatujapata, lakini makofi yapo.

Ila Tata, nimepatwa na jambo, na nina wewe tu wa kumuuliza.

Wanjugu ameniambia siri yake. Aliniambia tukiomba wawili, akilia mpaka akashika meza. Siri yenyewe sitaiandika hata kwako. Si mimba, najua unavyofikiri. Ni jambo lililofanywa na wazazi wake zamani, naye amelibeba tangu akiwa mtoto. Likijulikana atafukuzwa shule na hatafanya mtihani wa Novemba. Nilimwahidi nitanyamaza.

Mwezi huu akaja mgeni kutuhubiria, Ndugu Simeon. Alihubiri vizuri. Alihubiri juu ya Akani aliyeficha kitu hemani mpaka Israeli yote ikashindwa vitani. Alipomaliza alisema, "Katika kamati hii kuna Akani. Nasikia harufu yake." Sasa Wamaitha ameamini kabisa. Alitusikia tukilia siku ile, na amenishika mkono mbele ya wenzetu, akasema, "Mwenyekiti, wewe uko na kitu unaficha. Na si yako. Nyinyi wawili mko na kitu." Wameweka mkutano tarehe 19 Juni. Kila kiongozi ataweka mambo nuruni, yaani ataungama mbele ya wote. Mwalimu Kingori, mlezi wetu, amekubali.

Nikisema, Wanjugu ameisha. Nisiposema, je, ninaficha dhambi? Wewe umekaa na watu wa wokovu tangu ujana, unajua kutembea nuruni kunavyotakiwa. Nimempa barua hii Mzee Muriithi wa lori la kabichi akupe mkononi, posta inachelewa. Nijibu kabla ya tarehe 19, Tata, tafadhali.

Gaceri

*

Nyeri, 12 Juni 1994

Tata,

Salamu. Nyumbani ni wazima.

Sijapata jibu. Imebaki wiki moja. Wanjugu hali chakula, anazungusha kijiko tu. Hata mistari miwili itatosha. Hata neno moja, sema au nyamaza.

Gaceri

*

Nyeri, 26 Juni 1994

Kwa Tata Gladwell,

Natumaini u mzima, maana sijui lingine la kutumaini.

Mkutano ulifanyika. Tulikaa kwa duara, viongozi saba na Mwalimu Kingori. Mmoja aliungama kuiba sukari. Mwingine aliungama wivu. Wanjugu alikuwa ametapika asubuhi, akapelekwa kwa muuguzi, kwa hiyo hakuwepo. Ilipofika zamu yangu nilisimama. Nilisema dhambi zangu, na ni nyingi, nilisema hata ile ya kumdharau Wamaitha moyoni kwa sababu ya sauti yake. Halafu nikakaa.

Wamaitha akasema, "Hiyo si yote."

Nikamwambia, "Hiyo ndiyo yangu yote. Ya mwenzangu iko kwake."

"Ati iko kwake? Kwa hivyo iko!"

"Kama iko, si mimi niko na mdomo wake."

Wakaomba. Wakaniuliza tena. Mwalimu Kingori aliniuliza kwa upole kama naelewa kwamba kiongozi hawezi kuongoza watu asiowaambia ukweli. Nilisema naelewa. Basi wakanivua uenyekiti, wakachukua ufunguo wa kabati, na Wamaitha akaandika yote kwa ule mwendo wake. Nadhani sasa nina mstari juu ya jina langu, kama yule Watiri wako.

Bwenini wananiita Akani. Wanjugu bado yupo, bado ana mtihani wake, na hilo ndilo linalonipa usingizi.

Lakini nina neno na wewe. Mzee Muriithi anasema alikupa barua mkononi, ukamkaribisha chai. Nilikuwa peke yangu kwenye lile duara, Tata. Ungeweza kuwa nami kwa mistari miwili.

Gaceri

*

Endarasha, 17 Julai 1994

Gaceri mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Muriithi hakudanganya. Barua yako ya Mei ilinifikia tarehe 25, nikaiweka ndani ya Biblia, na kila nilipofungua Biblia niliiona. Jibu nililijua. Nilikosa mdomo wa kulisema, na utaona sababu. Nisamehe kwanza, halafu usome.

Uliniuliza Watiri ni nani. Alikuwa makamu wangu na rafiki yangu kuliko wote niliopata kuwa nao. Yule aliyemjibu mlezi kwamba wengine bado wako njiani alikuwa yeye. Alikuwa mfupi, mcheshi, aliyeimba sauti ya chini kama mwanamume.

Likizo ya Agosti 1969 watu wetu walikuwa wakichukuliwa usiku kwenda kula kiapo cha siri cha kabila. Kwenu vijana ni hadithi. Sisi tuliookoka tuliambiwa tukatae, na wengi walikataa wakapigwa. Babu yako alirudi jicho limefumba. Kukataa kulikuwa na adhabu yake, na kukila kisha ukatoboa siri kulikuwa na adhabu kubwa zaidi. Watiri walimkuta nyumbani na mama yake mgonjwa. Alikila, ili mama asiguswe. Tuliporudi shuleni aliniambia mimi peke yangu, nyuma ya jiko, tukichambua maharagwe. Alisema, "Gladwell, niombee. Mimi sijui kama bado niko wa Yesu." Nikamwahidi kwamba litaishia kwangu.

Wiki tatu lilinitafuna. Tulikuwa tumefundishwa kwamba jambo lisilowekwa nuruni huoza na kuozesha wengine, nami nilikuwa mwenyekiti, mwenye bidii, mwenye miaka kumi na minane. Basi siku moja kwenye ushirika nilisimama kuungama. Nakumbuka kila neno. Nilisema, "Bwana asifiwe. Nimekosa. Nimemfichia dada yangu Watiri, ambaye amekula kiapo." Nikakaa nikiwa mwepesi. Nao wakaimba. Gaceri, waliimba! Nililia kwa furaha. Nilikuwa nimeungama dhambi ya mtu mwingine nikidhani ni yangu.

Watiri alikuwa benchi la mbele. Hakugeuka.

Kamati ilimwondoa papo hapo, na mstari ule ulioupata kitabuni niliuchora mimi, kwa rula. Lakini ulimi hauna mfupa na maneno hayakai bwenini. Kuna msichana aliyeandika kwao, na kabla wiki haijaisha kule nyumbani walijua kwamba Watiri ametoboa siri ya kiapo. Huku amefukuzwa kwa kukila, kule anatafutwa kwa kukisema, na hakukisema yeye, nilikisema mimi. Baba yake alikuja alfajiri na gari la kuazima. Nilikuwa dirishani. Alitoka na sanduku la bati kichwani, hakutazama juu. Zilibaki wiki tano tufanye mtihani.

Nilisikia baadaye kwamba alifichwa kwa shangazi yake huko Wang'uru, akalima mpunga. Hakurudi shule. Mimi nilifaulu. Miaka ishirini na miwili nimekuwa mlezi wa CU ya shule hapa, sijakosa Ijumaa hata moja, na watu husema, "Mwalimu Gladwell ana uvumilivu." Sijui kama ni uvumilivu. Pengine nilikuwa nakimbia nikiwa nimesimama.

Ndiyo sababu sikuweza kukuandikia. Ningekuandikia nyamaza, ungeuliza kwa nini. Nikakuacha peke yako, nawe ukafanya bila msaada wangu jambo nililoshindwa mimi nikiwa wa rika lako. Nimekuonea fahari na nimejionea haya, yote mawili kwa siku moja.

Wamekuchukulia ufunguo. Mabenchi hawakukuchukulia.

Tata yako,
Gladwell

*

Nyeri, 31 Julai 1994

Tata,

Nimesoma barua yako chooni, ndipo mahali pekee pasipo na mtu. Nimelia kwa ajili ya Watiri, halafu kwa ajili yako, halafu nikakukasirikia tena, halafu kengele ya chakula ikalia nikaenda kula. Sijui wewe ungetaka nihisi nini.

Mabenchi nayapanga. Nilianza Jumapili iliyofuata. Niliingia mapema kuliko kamati, nikapanga arobaini, nikafuta vumbi, nikakaa nyuma kabisa. Wamaitha alinikuta, akasimama mlangoni kama aliyeona nyoka, halafu akapita. Hakuna aliyenikataza, kwa sababu hakuna anayetaka kuyapanga yeye. Wanjugu huja kunisaidia.

Lakini nikuulize swali, nawe usinijibu kwa habari za ndama. Kutoka kwetu Kutus mpaka Wang'uru ni nusu saa. Baba hununua mchele pale kila mwezi. Krismasi zote hizi umekuja kwetu, umekula mchele wa Wang'uru ukiusifia, na hukuvuka kwenda kumwona? Miaka ishirini na mitano, Tata! Umeniambia mimi. Mimi si Watiri.

Tunafunga shule wiki hii. Sitakutafutia nyumba yake wala sitakusindikiza.

Gaceri wako, hata hivyo

*

Endarasha, 11 Septemba 1994

Gaceri mpenzi,

Nakusalimu kwa mkono mwepesi kuliko siku zote. Ndama anakula majani. Viazi vipya vimekubali. Nimeziandika habari za ndama makusudi, ili ukasirike.

Nilikwenda.

Nililala kwenu Kutus ukiwa umesharudi shule, Baba yako alikuambia, lakini hakujua kilichonipeleka. Jumapili asubuhi nilifika Wang'uru, nimevaa koti langu la Endarasha kwenye joto lile, natoka jasho kama mwizi. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, kurasa mbili. Nikauliza kwake Watiri ni wapi. Mtu akanielekeza nyuma ya vinu. Nilikuwa nimeanza kuipita mifereji nilipoisikia.

Kengele. Kengele yenye mafua.

Gaceri, nilisimama katikati ya njia. Niliiangusha mimi ile kengele, ningeijua hata kaburini. Nikaifuata. Kulikuwa na ghala la mchele, mlango wazi, na ndani watoto kama hamsini wameketi juu ya magunia. Mlangoni mwanamke mfupi, mnene, kitambaa kichwani, anapiga kengele kwa mkono wa kushoto. Akaniona. Hakuacha kupiga. Alimaliza hesabu ya mapigo yake, akaishusha, akasema, "Gladwell. Umenenepa. Ingia, keti, unanizibia mwanga."

Nilikaa juu ya gunia saa nzima na watoto wa Jumapili. Aliwafundisha nyimbo na habari ya msamaria, akampa kofi mmoja aliyelala. Walipotoka nikatoa karatasi yangu. Akaniambia, "Hiyo weka. Sema tu."

Nikasema. Nilisema nilichofanya, bila kutia jina la mtu mwingine ndani yake. Nilisema nilimtoa yeye nikajiona nimeokoka zaidi. Alisikiliza akifagia punje za mchele sakafuni.

Kisha akasema, "Mimi nilikusamehe zamani, lakini si mara moja. Ilikuwa kama kupalilia mpunga. Leo unang'oa mstari huu, wiki ijayo magugu yako pale tena."

"Na leo?" nikamuuliza.

"Leo umekuja, yameota kidogo. Nitapalilia."

Nilimuuliza kengele. Nilifikiri labda aliichukua kwa hasira, na ningeelewa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Akasema, "Si ilikuwa zamu yangu? Ile wiki ilikuwa yangu. Baba alikuja Jumatano, kengele ilikuwa ndani ya sanduku. Nilifika hapa nikaona watoto wa mashamba ya mpunga hawana mtu wa Jumapili. Nikapiga. Nilikuwa nangoja mtu atoke kwenu aje anipokee zamu." Akacheka ile sauti yake ya chini. "Hakuna mtu alikuja. Basi nikaendelea."

Nililia pale, mwanamke mzima, mbele ya magunia. Yeye alinipikia chai. Kabla sijaondoka aliniuliza kama bado jina lake limefutwa kitabuni. Nikamwambia ndiyo, na aliyefuta ni mimi. Akasema tu, "Hiyo ndiyo iliniuma kuliko shule. Mimi sikuwa nimeacha kazi."

Kilo tano za mchele amekupa wewe. Nilimweleza habari zako bila kutaja za rafiki yako, ambazo sizijui. Alisema, "Huyo msichana anajua kunyamaza vizuri. Mwambie amalize mwaka."

Maliza mwaka, Gaceri.

Tata yako,
Gladwell

*

Kutus, 4 Desemba 1994

Tata yangu mpendwa,

Habari za huko juu? Sisi tumeshamaliza mtihani, na mimi niko nyumbani, nanuka uhuru. Cucu anaulizia jino lake, amesahau alikolificha. Nyanya mwaka huu zimependeza kwa sababu Baba amezipanda mahali pengine, na anasema ni wazo lake.

Nimemaliza mwaka. Jumapili zote, mabenchi arobaini. Mwezi wa kumi nilikuta msichana wa kidato cha tatu amenitangulia, ameshapanga kumi. Nikaanzia upande wa pili. Ndiye mwenyekiti mpya.

Sasa nikueleze Jumapili ya mwisho. Tulikuwa tumefanya karatasi ya mwisho Ijumaa. Ukumbi ulijaa, hata madirishani. Walipouliza kama kuna mwenye neno, Wanjugu alisimama. Sikujua kama atasimama. Hakunitazama. Alisema, "Bwana asifiwe. Jina langu si Wanjugu. Naitwa Nyaguthii. Wanjugu ni binamu yangu aliyeacha shule akaolewa. Nilianguka darasa la nane, na kurudia ilikuwa haikubaliwi, baba akanipeleka shule nyingine na jina lake. Nimejibu jina la mtu miaka mitano. Mtu mmoja tu hapa alijua, na alipoteza kiti chake akininyamazia. Mimi nimechoka kuitwa Wanjugu na Mungu."

Nikasikia hata kuku wa jikoni. Mwalimu Kingori alivua miwani akaishika tu. Halafu kule nyuma mtoto wa kidato cha kwanza, yule aliyeuliza juu ya sherehe, akaitikia kwa sauti nyembamba, "Bwana asifiwe, Nyaguthii." Basi wengine wakaitikia.

Sijui itakuwaje. Mwalimu Kingori amesema atakwenda naye na wazazi wake kwa wakubwa, yeye mwenyewe, wakaeleze. Matokeo yake yanaweza kufutwa, anajua. Lakini amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, siku aliyoichagua. Alikula sahani mbili za githeri mchana ule.

Jioni Wamaitha alinijia bwenini. Aliniwekea mikononi kile kitabu cha mwaka wa 1969, na kalamu. Nilikuwa nimemwomba mwezi mzima anionyeshe tena ule ukurasa, akawa ananikatalia kwa sababu mimi si kiongozi.

Mstari wako sikuufuta, Tata. Ulichorwa, basi ukae. Lakini chini yake, mahali palipobaki, niliandika, na Wamaitha akashuhudia, na Nyaguthii akatia sahihi kwa jina lake, mara ya kwanza kwenye karatasi ya shule. Nakunakilia maneno hapa kama yalivyo, usitafute makosa.

"Watiri, makamu mwenyekiti, 1969 mpaka leo. Kengele haikupotea. Iko Wang'uru, inalia kila Jumapili. Zamu yake haijaisha."

Baba anakwenda kununua mchele Jumamosi. Nitapanda naye. Nataka nikaulize kama wiki moja tu anaweza kupumzika, nimpokee.

Mpwa wako,
Gaceri